Waliotaka Bibi Kizee Achomwe

Alhamisi asubuhi nilikuwa barazani namenya machungwa, simu ikaita. Alikuwa mdogo wa kiume wa binti ninayemwandikia leo, fundi wa mitambo hapa mjini, mtu ambaye kwa kawaida hawezi kuanza mazungumzo bila kuulizia nyumba nzima. Safari hii hakusalimia. "Mwalimu," alisema, "dada ametutoka. Alfajiri hii." Nikampa pole, nikamuuliza bibi yao amezipokeaje habari. Akasema bibi amekaa tu kitandani kwa marehemu, anakunja shuka na kulikunjua. Nilikuwa bado natafuta viatu vya kwendea msibani simu ilipoanza tena kulia, sasa kwa ujumbe mfululizo. Picha ya marehemu iliyozungushiwa maua. Mishumaa. "Pumzika kwa amani, malkia wetu." "Familia yetu imepungukiwa." "Tutakuenzi daima." Nikasoma majina ya waliotuma, na nikayatambua karibu yote. Ni watu wale wale. Muda si mrefu uliopita walimwita tapeli, mvivu, mwanamke mwenye kiburi, na mmoja wao, ambaye Alhamisi hiyo aliweka mshumaa mkubwa kuliko wenzake, aliwahi kuandika hadharani kwamba ugonjwa wake ni maigizo na kwamba anausubiri kwa hamu mwisho wa igizo lenyewe. Haya, umefika. Ninyi mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba si kawaida yangu kuandika nikiwa na hasira. Leo si hasira hata hivyo. Ni kinyaa, kile cha mtu aliyeshika kitu chenye utelezi gizani kisha akaambiwa ni nini.

Sitamtaja jina, wala sitamtaja mwingine yeyote humu. Marehemu alizaliwa na kukulia hapa Mtwara, mtaani Chuno, ingawa asili ya watu wake ni mbali, kanda ya ziwa. Baba yake aliletwa huku na kazi ya serikali akiwa kijana, akajenga, akazikwa hapa hapa. Binti alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaoweza kukaa kimya mpaka ukausahau, kisha ukaamka na kubana mifupa mpaka mtu mzima analia kama mtoto. Alisoma hivyo hivyo, akisimama na kuanguka, akasomea mambo ya kompyuta, akafundisha chuo kimoja mjini kwa muda, akaacha kwa sababu kazi haikuweza kumngoja kila alipolazwa. Alipokaa nyumbani ndipo alipoanza kutengeneza mchezo wa kompyuta. Mimi nilimfahamu kwa sababu ya Kiswahili. Alishuka kwenye bajaji mlangoni kwangu, mwembamba, amevaa sweta katika joto letu hili, akaniamkia, kisha akasema, "Mwalimu, nimeambiwa unachukia makosa ya lugha." Nikamwambia ni kweli, nayachukia. "Basi nimekuletea mengi," akasema, na akacheka, na nikajua kwamba tutaelewana.

Kabla ya hapo nilidhani michezo hiyo yote ni ya kupiga risasi na kufukuzana na magari. Wake haukuwa hivyo. Unaanza ukiwa umesimama peke yako kwenye tope, pale mto Ruvuma unapoingia baharini. Hakuna anayekukimbiza. Huna silaha. Unatembea, unatazama, unafikiri. Maji yakipwa, njia zinafunguka katikati ya mikoko. Yakijaa, zinafungwa, na ukizembea unabaki umekwama mahali ukisubiri yapwe tena. Kuna kijiji ambacho watu wake wameondoka, nyumba zimebaki na vyombo vyake, na kazi yako ni kuelewa wamekwenda wapi na kwa nini. Ndani kabisa ya mikoko kuna nyumba moja juu ya nguzo, na humo anaishi bibi kizee peke yake, mwenye macho mekundu. Huyo ndiye anayekutegea vitendawili. Na hapa ndipo niliposimama na kumpigia makofi binti huyu sebuleni kwangu: kama tulivyofanya sote utotoni, ukishindwa kitendawili sharti utoe mji. Ukimpa bibi mji, sehemu mojawapo ya ramani uliyokwisha kuifungua inafungwa, na huna budi kuitafuta njia yake upya. Vitendawili alivitunga mwenyewe. Kimoja kilisema, "Asubuhi barabara, jioni bahari." Jibu ni tope la mikokoni. Tulibishana karibu mchana mzima kama neno "jioni" linafaa, maana maji hayajai jioni tu. Alishinda yeye. Alisema kitendawili si ratiba.

Alipokuwa na sehemu ya kwanza inayochezeka, aliiweka mtandaoni kwa majaribio, akawaomba watu waicheze na kumwambia inapokosea. Nataka niseme haki: mwanzo wake ulikuwa mzuri. Walikuja watu wachache, na walikuja na mikono mitupu iliyo tayari kufanya kazi. Mkulima mmoja wa korosho kutoka upande wa Madimba alishuka mikokoni na simu yake, akarekodi mlio wa kaa wakiingia mashimoni na tope likijifunga nyuma yao, akamtumia. Muuguzi mmoja wa Kigoma, ambaye hajawahi kuiona bahari, alikaa na mchezo mpaka akagundua kwamba ukiruka kutoka jiwe fulani unapenya ukutani na kutokea nyuma ya dunia, na aliandika maelezo yake kwa upole kama anayemwambia jirani kwamba gauni limefumuka mgongoni. Mwingine aliomba paka. Paka akawekwa. Marehemu alikuwa akinionyesha haya kwenye simu yake na uso unang'aa. "Mwalimu, ona," alikuwa akisema, "watu wanatengeneza na mimi." Hakusema wananisaidia. Alisema wanatengeneza na mimi. Kwa mtu aliyeishi nusu ya maisha yake kitandani, wakati wenzake wako shuleni, kazini, harusini, lile neno "na" lilikuwa kubwa.

Na sauti ya bibi wa mchezoni ilikuwa ya bibi yake mwenyewe. Hili wachezaji hawakulijua. Alikuwa akimkalisha kikongwe kwenye kigoda chumbani, wanafunga madirisha kuzuia kelele za bodaboda, na bibi anavisema vitendawili kwa kukariri, kwa kuwa kusoma hajui. Alimrekodi akicheka, akikohoa, akiguna, akimwambia mgeni "karibu ndani, futa miguu." Nilikuwepo siku moja. Bibi aliuliza, "Watu wote hao watanisikia?" Mjukuu akajibu, "Mpaka Mombasa, bibi." Kikongwe akajirekebisha khanga begani kana kwamba hao wa Mombasa wamekwisha kuingia mlangoni.

Kundi likakua. Sijui mambo ya mtandao yanavyokwenda. Ninachojua ni kwamba mtu mmoja mwenye wafuasi wengi aliusifia mchezo, na ghafla wale wachache wenye adabu wakazama ndani ya halaiki. Akatokea msimamizi wa kundi, kijana wa Dar es Salaam mwenye sauti tamu kama ya mtangazaji, ambaye hakuchaguliwa na mtu ila alipatikana kila saa. Yeye ndiye aliyeanza kusema "mchezo wetu". Maombi yakageuka mapendekezo, mapendekezo yakageuka masharti. Wakataka tochi yenye moto, akawapa, kwa sababu kweli mapango yalikuwa na giza mno. Wakataka mamba, akakataa, wakanung'unika. Kisha mtu mmoja akauliza swali ambalo nalikumbuka lilivyoandikwa, bila nukta wala alama ya kuuliza: huyu bibi mchawi tunamchoma lini. Wengine wakacheka. Wengine wakasema kweli, mbona hatujafikiria, huyo ndiye aliyewamaliza wanakijiji. Msimamizi akaitisha kura. Waliotaka bibi awe mchawi, na mchezo uishe kwa mchezaji kuichoma moto nyumba yake akiwa ndani, walikuwa wengi kiasi kwamba waliobaki hawakujisumbua kubisha.

Mchana wa mkutano wao nilikuwa nimekwenda kumjulia hali. Alikuwa amelala, chupa ya maji ya moto mgongoni, simu juu ya mto ikiwa kwenye kipaza sauti. Bibi alikuwa uani anachambua mchicha.

"Dada, kura umeziona," alisema msimamizi. "Watu wameongea. Bibi awe mchawi, tumalizie na moto. Ni mwisho wenye msisimko."

"Nimeziona," alijibu. "Hapana."

"Hapana kivipi?"

"Bibi hachomwi."

"Hebu sikiliza, dada yangu. Mchezo mzima mtu anatembea, anawaza, anatembea, anawaza. Mwisho wa siku watu wanataka wamjue mbaya wao ni nani."

"Hakuna mbaya."

Sauti nyingine ikaingia, ya mtu anayetafuna kitu. "Macho mekundu yote yale, halafu si mchawi? Ungemweka macho meupe basi." Kicheko kikapita kwenye simu kama upepo kwenye mabati.

Msimamizi akarudi, sasa utamu umepungua. "Makosa tumeyatafuta sisi. Sauti za kaa, milio ya ndege, paka, kila kitu sisi. Wahenga walisema mchimba kisima hakatazwi maji."

"Maji sijawakataza," alisema. "Kunyweni."

Akakata simu. Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia kwamba sauti ile ni ya bibi yake, na kwamba bibi yake yuko hai, yuko uani, anachambua mchicha. Pengine wangeona haya. Aligeuka polepole ukutani kutafuta upande usiouma, na akanijibu akiwa amenipa mgongo. "Nikiwaambia, mwalimu, watamwonea huruma bibi yangu. Mimi nataka wamwache bibi yeyote."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelijua katika miaka yote ya kuingia nyumba ile. Bibi hakuja Mtwara kumtembelea mwanawe. Aliletwa. Kule kwao alikuwa mjane, anaishi peke yake pembeni ya kijiji, na macho yake yalikuwa yamewiva kwa moshi wa maisha yote ya kupikia samadi kavu ya ng'ombe, kwa sababu kuni hazipatikani. Watoto wawili wa nyumba ya jirani wakafariki kwa homa, mmoja baada ya mwingine. Ukaitwa mkutano. Watu wakagawiwa vipande vya karatasi waandike, kwa siri, jina la wanayemshuku. Karatasi zilipofunguliwa, jina lake lilikuwamo, pamoja na la mwenzake aliyekuwa akichota naye maji. Mwenzake huyo hakuwa na mtoto wa kumfuata. Mapanga yalimkuta nyumbani kwake. Bibi alikuwa na mtoto, mtumishi wa serikali huko kusini, ambaye alipopata habari alisafiri bila kuaga kazini, akafika, akamkuta mama yake amejifungia ndani, akambeba na kile alichovaa. Nyumba aliyoiacha ilichomwa baada ya kuondoka. "Kwa hiyo," alisema marehemu, "mimi kura za namna hii nazijua."

Msomaji anaweza kuniambia kwamba huku ni kukuza mambo. Mchezo ni mchezo, na moto wa kwenye kioo cha simu haumuunguzi mtu. Nimeisikia hoja hiyo, na nimeitafakari kwa uaminifu. Nina jibu moja tu. Wale waliopiga kura hawakuulizwa, "Je, mnataka hadithi ya kutisha?" Hadithi ya kutisha ni halali, nami nimezisimulia nyingi darasani. Walipewa mtu mzee, maskini, mpweke, asiyemdhuru yeyote, anayekaribisha wageni na kuwaambia wafute miguu, na katika dunia pana waliyoruhusiwa kutembea watakavyo, kitu cha kwanza walichokiona kwake ni kuni. Hakuna aliyewafundisha. Walikuja nacho. Hiyo ndiyo iliyonitia kinyaa, kwamba kilichotokea kijijini kwa karatasi kilitokea tena kwa vidole kwenye simu, kwa vijana waliosoma, wanaovaa vizuri, ambao ukiwauliza kuhusu mauaji ya vikongwe watakuambia ni ujinga wa washamba. Na siku hizi, katika ofisi zetu, kila mradi unaimbiwa wimbo wa ushirikishwaji. Mwananchi ashirikishwe. Vizuri. Lakini tumewafundisha watu kudai kushirikishwa kabla hatujawafundisha kwamba anayeshirikishwa naye ana wajibu. Mchimba kisima hakatazwi maji, sawa. Mimi sijawahi kusikia methali inayompa mchimba kisima haki ya kukitia sumu.

Walikitia. Marehemu alilazwa kwa wiki kadhaa, kazi ikasimama, na kundi likageuka. Walisema anawachezea akili. Walidai aweke picha akiwa wodini ili waamini. Mdogo wake, kwa uchungu, aliweka picha ya mkono wa dada yake wenye sindano ya dripu, na mtu akajibu kwamba mikono ya namna hiyo hupatikana mtandaoni. Alipotoka hospitali alikuta wameshatengeneza toleo lao. Mmoja wao, mjuzi kweli wa kompyuta, na Mungu amsamehe kwa kukitumia kipaji hivyo, alichukua mchezo wa majaribio, akaufungua, akaupanga upya. Vitendawili aliviondoa. Safari ya mikokoni aliifupisha. Mchezaji anafika mapema kwenye nyumba ya nguzo, ile tochi iko mkononi, na maandishi yanatokea: CHOMA. Bibi anakimbia huku na huku dirishani akipiga mayowe. Na kwa kuwa hawakuwa na mayowe, walichukua kikohozi na kicheko cha kikongwe yule, wakavivuta, wakavipandisha, mpaka vikawa mayowe. Toleo hilo likasambaa kuliko lile la kweli. Lilikuwa jepesi kwenye simu, na halikumtaka mtu afikiri.

Jumapili moja alipata nafuu, akaweza kwenda kanisani na bibi yake. Nilikutana nao baada ya ibada, tukatembea pamoja kuelekea kijiwe cha bajaji. Vijana waliokuwa wakisubiri abiria walikuwa wameinamia simu moja, wanacheka, na kutoka kwenye simu hiyo yakatoka yale mayowe. Mimi sikuelewa ni nini. Marehemu alielewa, nilimwona anamshika bibi mkono ampitishe haraka. Lakini bibi alikuwa amekwisha kusimama. Aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa.

"Hiyo sauti ni yangu," alisema.

Marehemu akajaribu kumvuta mbele.

"Mbona nalia hivyo?" aliuliza, akimtazama mjukuu wake. "Mimi sikulia hivyo. Nilicheka tu. Nani ananipiga humo ndani?"

Vijana wakageuka. Si watoto wabaya. Nawafahamu, mmoja wao baba yake alikuwa mwanafunzi wangu. "Shikamoo bibi," alisema huyo mwenye simu. "Hapigwi mtu, ni gemu tu hii."

Marehemu akanyoosha mkono. "Naomba nione, kaka." Akampa. Akatazama mpaka mwisho, mpaka paa la nyumba likaanguka na maandishi ya pongezi yakatokea, kisha akamrudishia. "Huyu bibi amefanya nini?" akamuuliza.

"Huyu? Mchawi huyu."

"Ndiyo. Amefanya uchawi gani?"

Kijana akafikiri, na nakiri kwamba alifikiri kwa dhati. "Si unaona ana macho mekundu."

"Basi?"

"Anakaa peke yake porini."

"Basi?"

Kijana akatazama simu, akamtazama dada aliyemuuliza, halafu kwa bahati mbaya, au kwa bahati njema, akamtazama kikongwe aliyesimama mbele yake katika jua, na macho yake. Uso wake ulibadilika. "Hata sijui, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Ukifika pale inaandika choma. Basi unachoma."

Bibi alikuwa bado anangoja jibu la swali lake mwenyewe, na hakuna aliyempa. Mwishowe akasema, "Mwanangu, tupeleke Chuno, miguu yangu imechoka." Kijana akawapakia. Mdogo wa marehemu, aliyeyasikia kwa dada yake, aliniambia baadaye kwamba walipofika yule dereva alishuka, akamshika bibi kiwiko kumvusha mtaro, akaomba msamaha, na bibi akamuuliza ameomba msamaha wa nini.

Siku iliyofuata marehemu alilifunga kundi. Aliuondoa mchezo mtandaoni na kuandika sentensi moja tu, ambayo kwa mara ya kwanza hakuniletea niinyooshe: kazi hii itamaliziwa na mimi peke yangu. Matusi yaliyofuata sitayaandika hapa, kwa heshima ya gazeti na ya mama zenu. Ninachoweza kusema ni kwamba walimwita mchawi. Walimwita hivyo kwa utani, nadhani, lakini walimwita.  Yeye aliendelea na kazi kadiri vidole vilivyoruhusu, akiwa amekalishwa na mito, na aliwahi kuniletea mafungu ya mwisho ya maneno nisahihishe. Humo nilikuta kwamba mchezaji hawezi kuuona mlango wa bibi akiwa na moto mkononi. Nyumba iko, nguzo ziko, ngazi ipo, lakini mlango haupo mpaka uizime tochi. Nilimuuliza kama ataweka maandishi ya kumsaidia mchezaji aelewe. Alisema hapana, asiyeweza kufikiria kuzima moto hana haja ya kuingia.

Msibani palizuka mjadala ambao huzuka katika kila msiba wa watu waliotoka mbali. Ndugu wa upande wa baba waliofika kwa ndege walitaka mwili usafirishwe kwenda kwao, kama desturi inavyotaka, alale na babu zake. Walisema gari liko tayari. Bibi aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Kisha akasema, "Kule mnakomtaka aende, mimi nilitoka kwa kubebwa. Mjukuu wangu alale hapa, karibu na baba yake. Hapa hakuna aliyeandika jina letu kwenye karatasi."  Kaburi likachimbwa hapa.

Ndipo akapiga msimamizi. Kwanza alimpigia mdogo wa marehemu, kwa ile sauti yake ya utangazaji, iliyovishwa kilio. Kundi limefufuliwa, alisema. Wapenzi wote wanataka kuukamilisha mchezo kwa heshima yake, watamweka hata picha yake mwanzoni, mwenye mabawa. Anachohitaji ni mafaili tu. Macho ya mdogo wa marehemu yalikuwa yamevimba. Akaweka simu kwenye kipaza sauti na kunitazama mimi. Kabla sijasema, bibi alinyoosha mkono, akapewa.

"Ni nani?" aliuliza.

"Pole sana bibi yetu. Sisi ni familia yake ya mtandaoni. Tulimpenda sana."

"Ninyi ndio mliochukua sauti yangu?"

 Nilisikia gari likipita upande wake wa simu. "Bibi... sauti gani?"

"Ile ya kwenye kijiwe. Ninayolia. Nauliza kwa sababu nataka mnirudishie."

 Simu ikakatika. Bibi akaishikilia sikioni kwa muda, akidhani labda anakwenda kuitafuta, kisha akampa mjukuu wake aliyebaki na kusema, "Hao usiwape kitu."

Hawatapewa. Mchezo umekamilika, umo ndani ya kompyuta yake, na uamuzi wa lini utoke na kwa nani ni wa nyumba ile, si wangu wala wako. Yale mayowe nayo bado yamo katika simu nyingi, na sina njia ya kuyatoa. Wakati naandika, kundi linaendelea kubadilishana mishumaa. Wanaambiana jinsi walivyokuwa karibu naye, jinsi alivyowasikiliza, jinsi mchezo ulivyokuwa wao wote. Nimejaribu kuwaonea huruma, kwa kuwa wengi ni vijana na mtandao huwafanya watu wasione uso wa wanayemuumiza. Nimeshindwa. Yule dereva wa bajaji naye ni kijana, na alipouona uso alishuka akamvusha mtu mtaro. Hawa walipoona mkono wenye dripu waliomba picha nyingine.

Kama kuna somo, ni hili, na halina utamu. Anayekuja kushiriki kazi ya mwenzake sharti aje akiwa tayari kukataliwa, la sivyo hakuja kushiriki, alikuja kumiliki. Tutashirikishwa katika mengi miaka ijayo, katika michezo, katika mitaa, katika miradi, na tutapiga kura nyingi kwa vidole vyetu. Kabla hatujabonyeza, tujifunze kulisikia neno moja dogo linaposemwa na aliyeianza kazi. Neno hapana halihitaji cheti cha daktari, wala hadithi ya kuliza nyuma yake. Mwenye kazi akilitamka, limetosha.